Umeombwa uingie kamati ya kongamano la mawakili wa ofisi ndogo? Fanya hivi

Ukiwa na ofisi yako mwenyewe ya uwakili hapa Mombasa, iwe ni chumba kimoja Nkrumah Road ama nusu ya floo Moi Avenue, iko siku utapigiwa simu uambiwe "wakili, twaandaa kongamano la sisi wenye ofisi ndogo, tusaidie kidogo tu." Hiyo kidogo tu ndiyo ya kuangalia. Kazi ni ya kujitolea, malipo hakuna, na wote mlio kwenye kamati mna kesi, mna karani mmoja, na mna wateja wa kupiga simu saa tatu usiku kuuliza faili yao imefika wapi. Hata hivyo yafanyika, tena vizuri, mradi mkubaliane mapema kwamba mnaowaandalia ni watu ambao wakitoka ofisini habaki mtu. Ofisi kubwa ikituma mawakili wawili hata haishtuki, lakini hawa wako, mwenyewe akitoka ndio mlango umefungwa. Basi tarehe, bei, ukumbi, ratiba, vyote vipimeni kwa hilo kwanza.

Kabla hujasema ndio

Uliza wazi wazi: pesa ziko kwa nani, mkataba wa hoteli atasaini nani, ni lini, na mimi kazi yangu ni ipi haswa. Wakikujibu "hayo tutayaona mbele ya safari" waambie na wewe utaingia mbele ya safari.

Ukikubali chukua kazi moja, usichukue mbili. Kuna ratiba na maspika, kuna pesa, ukumbi na chakula, usajili, halafu matangazo, na kila moja yataka mkubwa wake na naibu wake. Naibu simaanishi cheo cha kuandikwa kwenye programu, namaanisha mtu aliye na paswedi, aliye na namba ya meneja wa hoteli, anayejua spika gani amekubali na gani bado anazungushwa. Manake kazi yetu mwaijua, leo uko huru kesho hakimu wa Shanzu ama Kwale amekupangia kesi isikizwe siku tatu mfululizo na hapo kamati isahau kukuona.

Kitu kingine, grupu ya WhatsApp ni nzuri kwa kusalimiana lakini ni mahali pabaya pa kuamua mambo, mtu aweka swali, waja watu kumi na "sawa" na dole gumba, kesho yake hakuna anayejua kilichokubaliwa ni hoteli ama ni chai. Mteueni mmoja ambaye kila Jumapili usiku aandika ujumbe mmoja tu: tumeamua hili na hili, fulani afanya hiki, mwisho wake ni tarehe fulani. Mikutano yenyewe ifanyeni mtandaoni saa mbili usiku, watu washaswali isha na washakula, na isizidi dakika arobaini. Kukutana mkahawani kila wiki ni raha lakini mtatumia jioni nzima kuzungumza habari za majaji.

Tarehe

Hapa ndipo pa kutulia manake tarehe mbaya haitengenezeki. High Court iko likizo kuanzia 1 Agosti mpaka 15 Septemba, na tena 21 Desemba mpaka 13 Januari, kwa hivyo mtu ana nafasi kidogo, ingawa korti za mahakimu zaendelea na wengi wa ofisi ndogo riziki yao iko huko huko kwa mahakimu. Desemba iacheni, watu wa bara wateremka na familia zao, hoteli zajaa na bei zapanda. Januari mtu anatafuta leseni ya mwaka na karo ya watoto, ukimwambia habari ya tiketi atakuangalia tu. Agosti nayo angalieni LSK, chama chetu cha mawakili wa Kenya, wenyewe wameweka lini kongamano lao la mwaka, kwa kawaida huwa Diani mwezi huo huo, na msijipeleke karibu nalo manake wakili wa ofisi ndogo hana pesa ya makongamano mawili mwezi mmoja. Mimi naona wiki ya kwanza ama ya pili ya Septemba ndiyo tamu.

Ramadhani yarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka kwa hivyo msitumie kalenda ya mwaka jana kwa kukisia. Na msipange kitu Ijumaa kati ya saa sita na saa nane mchana, hapa ni Mombasa, nusu ya ukumbi itaondoka kwenda kuswali na spika atabaki akihutubia vikombe. Mpango ninaoupenda ni huu, anzeni Ijumaa saa nane unusu mchana mpaka jioni, halafu Jumamosi kutwa mpaka saa kumi. Hivyo mtu amepoteza nusu siku peke yake ya ofisi, na asubuhi ya Ijumaa kashaenda kuchukua rulingi zake. Ulizeni tu kama kuna wenzenu wa kanisa la Sabato, vile vikao vyao muhimu viwekeni Ijumaa.

Pesa, na hapa soma polepole

Kanuni ni kwamba tiketi zilipe hoteli. Pesa ya sponsa ikija ni ya kuongezea, kumlipia spika chumba, kupunguzia bei vijana waliofungua ofisi juzi, lakini isiwe ndiyo nguzo, manake sponsa akikwambia "tumeipokea barua yenu, iko kwa bosi" hiyo si pesa. Watu wazima wamejikuta wakichanga mifukoni mwao kwa sababu ya barua iliyoko kwa bosi.

Tufanye hesabu. Tuseme hoteli imekupa shilingi 3,500 kwa kichwa kwa siku na nusu, na gharama zisizobadilika, vyeti, bango, chumba cha spika, mpiga picha, zafika 60,000. Mnatarajia watu 60. Msipige hesabu ya 60, pigeni ya 45. 45 mara 3,500 ni 157,500, weka 60,000 juu yake ni 217,500, gawanya kwa 45 wapata kama 4,833. Basi tiketi ni 5,000 na mkipata hao sitini wenu mna akiba. Na hotelini idadi mnayoiandika kama ya uhakika ndiyo mtakayolipia hata wasipokuja, kwa hivyo andikeni hiyo 45 na muulize mwisho wa kuongeza ni lini.

Kotesheni ya hoteli ikija ulizeni kabla ya kushangilia: VAT ya asilimia 16 imo ndani? Ushuru wa utalii wa asilimia 2 je? Na sevisi chaji? Bei tamu ya kwenye simu ikiongezwa vitatu hivyo yawa bei nyingine.

Sasa kusaini. Yachekesha lakini mawakili ndio watu wa kusaini mkataba wa hoteli bila kuusoma. Kamati yenu si mtu mbele ya sheria, haiwezi kushtaki wala kushtakiwa kwa jina lake, kwa hivyo yule aliyetia sahihi ndiye atakayetafutwa hoteli ikidai. Tafuteni mwavuli, chama ama taasisi iliyosajiliwa ikubali mkataba uwe kwa jina lake na pesa ziingie kwenye akaunti yake, watia sahihi wawe wawili. Msikusanye kwenye laini ya mtu. Kwanza laini ya M-Pesa ya kawaida haibebi zaidi ya 500,000, pili hata mtu awe mwaminifu vipi, maneno hayakosi. Pia someni kifungu cha kuahirisha, mkiahirisha mwezi mmoja kabla mwapoteza dipoziti yote ama nusu?

Na kuna hili la invoisi ambalo kamati nyingi hulikumbuka usiku wa mwisho. Tangu Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, watu wa kodi hawakubali uitoe kwenye hesabu ya kodi, sasa mtu amelipa 5,000 kutoka kwa ofisi yake na atataka invoisi. Ulizeni mwavuli wenu kama uko eTIMS na nani ataitoa hiyo invoisi, kabla tiketi ya kwanza haijauzwa.

Masponsa wenyewe wanaofaa ni benki, kampuni za bima zinazouza ile kava ya kumlinda wakili akidaiwa kwa kosa la kazi, na wanaouza programu za kusimamia faili na bili. Mpe meza nje, bango, dakika tano za kusalimia. Usimpe kikao cha saa nzima "kufundisha", manake atauza tu na watu watatoka kwenda kupiga simu. Na lazima atawaomba orodha ya waliokuja na namba zao za simu. Sheria ya Kulinda Data ni ya 2019, sisi ndio tunaowashauri wateja kuihusu, itakuwa aibu mawakili kushtakiana kwa orodha ya chai. Wekeni kiboksi kwenye fomu ya kujisajili, anayetaka kupigiwa na masponsa atie tiki, asiyetaka muacheni.

Ukumbi

Kuna wanaotaka mjini, karibu na korti, na kuna wanaotaka ng'ambo ya Nyali mpaka Bamburi na Shanzu. Mjini watu watatoroka, chai ya saa nne tu mtu asema "napitia ofisini mara moja" ndio umempoteza mpaka chakula. Ng'ambo watu hutulia, na wenzetu wa Malindi na Kilifi wamekaribia, wa Kwale ndio wataumia kidogo na feri ama wazunguke kwa barabara ya Dongo Kundu. Mimi nachagua ng'ambo. Wa treni ya SGR washukia Miritini, watafutieni gari moja la pamoja kuliko kila mmoja kubishana na teksi.

Nendeni mkauone ukumbi, na mwende saa ile ile ya kikao. Saa nane mchana jua laingia upande gani, AC yanguruma kiasi gani, stima ikikatika jenereta yachukua muda gani kuwaka. Na muulize chumba cha pili Jumamosi kuna nini! Jumamosi Mombasa ni siku ya harusi, hilo sina haja ya kukwambia, na ukuta wa kukunja wa hoteli hauzuii taarab. Spika wenu aeleza akaunti ya wateja na upande wa pili vigelegele.

Halafu kuna kitu ambacho kwangu ni muhimu kuliko maua ya meza: chumba cha korti. Siku hizi mensheni nyingi, zile kesi za kutajwa tu kortini, zaenda mtandaoni, na Ijumaa alasiri ama hata siku ya kufika mapema mtu atakuwa na jambo lake. Ombeni hoteli chumba kidogo chenye waifai nzuri, meza tatu nne zilizoachana, ukuta mweupe nyuma, soketi. Mtu aingia, avaa koti lake, asimama mbele ya jaji, atoka, arudi kikaoni. Pamoja na hilo fungueni grupu ya kushikiana brifu, yaani wakili kumsimamia mwenzake kortini, wiki mbili kabla, wale ambao hawaji kongamano waseme wako korti gani siku gani. Nawaambia, hilo grupu peke yake litawauzia tiketi kuliko bango lolote, manake kinachomzuia mwenye ofisi ndogo mara nyingi si ile elfu tano, ni kuwa hana wa kumshikia.

Chakula hoteli wanajua kazi yao, ulizeni halali tu na mpunguze vidakuzi muongeze mahamri na viazi karai, watu watawaombea dua. Biriani wekeni mkijua matokeo yake: saa nane hakuna anayesikiza mtu akiongea.

Ratiba

Msifanye kongamano la sheria. Sheria mtu atajisomea ama atapata semina nyingine. Mwenye ofisi ndogo ana maswali ambayo hawezi kuuliza mbele ya jaji wala mbele ya mteja: nitoze vipi na nilipwe vipi, mteja akikataa fii noti, ile bili yangu, nifanye nini bila kugombana na ukoo wote, nimwajiri wakili wa pili ama niongeze karani. Pesa za wateja nizitenge vipi, manake kanuni za akaunti zataka zikae mbali na zako na kuna wenzetu wamefutwa kwenye orodha ya mawakili kwa hilo tu. Wekeni kikao cha kuripoti kwa FRC, kile kituo cha serikali kinachofuatilia pesa chafu, tangu mawakili waingizwe kwenye sheria ya utakatishaji wa pesa ofisi ndogo nyingi hazina hata fomu ya kumjua mteja, na sisi tunaouziana mashamba na viwanja pwani nzima ndio tunaoangaliwa. Wekeni cha kufaili kesi mtandaoni, kiwe cha vitendo, karani naye aje. Kwa nini karani asije? Yeye ndiye anayefaili. Muuzieni tiketi ya nusu bei ya siku moja.

Cha akili bandia pia kitajaza ukumbi, na mfano upo, mwaka 2023 New York mawakili walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka kortini kesi ambazo ChatGPT ilizitunga, hazikuwahi kuwepo. Lakini kikao ambacho ningekipigania mimi ni kile ambacho hakuna anayekitaka: mwenye ofisi akiugua ghafla ama akifariki, faili zaenda wapi? Nani ana paswedi ya kufaili, nani aweza kugusa akaunti ya wateja, nani awapigia wateja simu? Mwiteni mtu aliyewahi kubeba faili za mwenzake aliyefariki, aeleze hatua kwa hatua, watu waondoke na karatasi moja ya kujaza nyumbani. Saa nzima, na kiwe asubuhi ya Jumamosi wakati vichwa viko macho. Alasiri baada ya biriani wekeni meza za mazungumzo, watu wanane kila meza, kila meza na shida yake, mtu ahama baada ya nusu saa.

Pointi za CPD, zile za wakili kuendelea kujifunza kazi, msizipuuze, wakili wa Kenya ahitaji pointi 5 kwa mwaka na wengi ifikapo Septemba wako nyuma. Kuidhinishwa ni kwa LSK na kwahitaji ratiba, mada na majina ya maspika, kwa hivyo ratiba ikichelewa na pointi zachelewa na tiketi zachelewa. Msitangaze pointi kabla hamjapata barua.

Maspika tafuteni waliofanya, si waliopanda vyeo. Siniya mwenye ofisi ya watu mia hana la kumwambia mtu mwenye karani mmoja, ila heshima yake mpeni kwenye ufunguzi, dakika kumi. Spika mwambieni kwa maandishi: dakika 25 za kuongea, 20 za maswali, mfano mmoja kutoka ofisini kwako, na karatasi moja ya kuwaachia watu. Wengi hawatadai malipo, wapeni nauli na chumba. Mwenyekiti wa kikao mchagueni kwa umri pia, manake kijana wa miaka miwili hawezi kumkata mzee aliyezidisha muda, atakaa pale akitabasamu huku ratiba yaenda. Mwekeni siniya mwenzake, yeye atamwambia "mzee mwenzangu, watoto wana njaa" na mambo yataisha kwa kicheko.

Siku yenyewe

Wale vijana wa pupileji, wanaojifunza kazi chini ya wakili, wapeni kazi ya mezani, lakini wapeni na chakula na cheti, wasiwe watumwa wa kubeba maji. Majina yapangwe kwa jina la kwanza, manake hivyo ndivyo watu wajitajavyo mlangoni. Kuwe na laptopu ya pili, waya wa projekta wa akiba, na slaidi zote ziwe kwenye flashi usiku wa kuamkia. Mmoja wa kamati asikae kikaoni kabisa, kazi yake iwe ni kutembea, kuangalia chai, kuangalia AC, kupokea simu ya "nimepotea niko Mtwapa". Kwa zamu, asiwe mmoja kutwa.

Fomu ya maoni iwe na maswali matatu na ijazwe kabla ya kikao cha mwisho, watu wakishasimama wamekwenda. Lililo muhimu kuliko yote ni "utabadilisha nini ofisini kwako wiki hii", hilo ndilo litawaambia kama ratiba ilikuwa ya maana.

Wiki ya baada

Lipeni hoteli na kila mtu anayewadai ndani ya siku chache, vyeti na invoisi za eTIMS zitumwe, orodha ya waliohudhuria ipelekwe LSK ili pointi ziingie. Hesabu ziwekeni kwenye grupu ya waliohudhuria, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, hata kama ni shilingi mia nne. Halafu kila mkubwa wa kazi aandike ukurasa mmoja: namba za watu wa hoteli, bei tuliyopewa mwanzo na bei tuliyolipa mwisho, spika gani alivutia na gani hapana (andika kwa adabu, hizi karatasi huzunguka), kitu gani kilitukwama. Viwekwe kwenye foda moja mtandaoni na paswedi apewe mtu wa kamati ijayo, pamoja na lile bango, ila sehemu ya tarehe mwanzoni mchapishe kwenye kipande cha kubandika ili mwakani mbadilishe hicho tu.